Kimai, Wimbo Usiofika Mlimani

Katika vitabu vya fasihi simulizi, kimai hupewa mstari mmoja: wimbo wa mabaharia na wavuvi. Wawe, wimbo wa wakulima, hufuata kwa mstari mwingine. Nimeifundisha mistari hiyo kwa miaka mingi hapa Same, na wawe haukunipa taabu. Kijana wa Upare aliyewahi kuitwa kwenye msaragambo, kijiji kizima kikizibua mfereji au kutengeneza ndiva, anajua jembe linavyoitikia sauti. Kimai ndicho kilichobaki jina tupu la kujibia mtihani.

Hasara ni kubwa kuliko alama za mtihani, kwa maana kimai kilikuwa starehe kuu ya chomboni. Baina ya 1938 na 1939, Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, nahodha wake akiwa Ali bin Nasr al-Nejdi. Walitoka Aden kwa pepo za kaskazi, wakateremka pwani yetu hadi Unguja na delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha wakarudi kwa kusi. Katika kitabu alichokitoa 1940, nyimbo hazina mwisho. Foromali ya jahazi kama lile ni gogo refu lenye tanga zito. Halipandi mlingotini kwa mikono isiyosikilizana. Mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia, na kila kiitikio henza inavutwa. Wakikaribia bandari, ngoma zinatolewa.

Abiria nao walijazana sitahani, wakipika, wakizungumza, wakilala palipopatikana nafasi. Wanawake walifungiwa chumba cha chini huko tezini, kwa hiyo tusiipambe mno starehe hiyo. Lakini kwa mabaharia, burudani haikungoja kazi iishe. Ilikuwa ndani ya kamba.

Ndiyo maana, wenzangu washairi, sikubaliani na wanaofundisha mizani kwa kuhesabu vidole peke yake. Mwaka mmoja niliwatoa wanafunzi uwanjani na kamba ya katani, nikafunga gunia la mchanga kwenye tawi la mti. Walivuta kimya, gunia likasitasita. Walipopata wimbo, likapanda. Binti mmoja akasema kwamba kutweka tanga kunafanana na kumtwika mama mkungu wa ndizi, kwani huko nako mnahesabu pamoja. Kitabu hakikuwa na maelezo bora.

Maji tunayo hata sisi. Mto Pangani ulipozuiwa katika miaka ya 1960, lilijaa bwawa la Nyumba ya Mungu, na wavuvi wake wana mitumbwi. Nimepanda mmoja wenye injini. Tulifika upesi, lakini sauti ya mtu wa mbele haikunifikia, na hakuna aliyejaribu kuimba. Niliporudi na mtumbwi wa makasia, mzee aliyekuwa nyuma alianza kuguna kwa mapigo, na kijana wa mbele akamfuatisha bila kugeuka.