Gari ya PlayStation na gari ya kweli: muchezo unafundisha nini, na unaficha nini?

Katika kartiye mingi za Goma kuko nyumba ndogo ambamo vijana wanalipa ili wacheze PlayStation. Mupira ndio unapendwa kwanza, lakini mashindano ya magari nayo yana watu wake. Mutoto wa miaka 14 anakamata manete, anapita kona kwa kilometa 200 kwa saa, na wenzake wanapiga kelele: "Huyu ni shofere kabisa!" Siku baba mudogo atasahau ufunguo wa gari juu ya meza, mutoto huyo anaweza kuamini kwamba ni kweli.

Je, gari ya muchezo inatembea sawa na gari ya kweli? Jibu ni kwamba mambo fulani yako sawa kabisa, na mengine hayako hata kidogo. Kuyachanganya kunaweza kuua mutu.

Aina mbili za michezo

Aina ya kwanza imetengenezwa kwa kufurahisha tu. Magari ya Grand Theft Auto yako upande huo, na Need for Speed ya siku hizi pia. Gari inagonga ukuta, inarudi nyuma kidogo, inaendelea. Inakata kona kwa mwendo ambao gari ya kweli ingepinduka.

Aina ya pili inajaribu kufwata sheria za fizika. Gran Turismo, iliyotengenezwa na kundi la Mjapani Kazunori Yamauchi na kutoka Desemba 1997, ndiyo iliyojulisha aina hiyo kwa watu wengi. Baadaye zilifwata iRacing na Assetto Corsa, ambazo viwanja vyake vingine vya mashindano vilipimwa kwa mwangaza wa laza, hata matuta madogo ya barabara yakaingia ndani. Hapo kompyuta inahesabu mara mingi kila sekunde uzito wa gari uko upande gani, kila pineu inashika namna gani, na mwendo ni gani.

Mambo ambayo michezo hiyo inasema kweli

Gari inagusa barabara kwa pineu 4 tu, na sehemu inayogusa kwa kila pineu inakaribia ukubwa wa kiganja cha mukono. Nguvu ya kushika ya pineu ni kama pesa ya soko: ukiimaliza yote kwa freni, hakuna inayobaki kwa kukata kona. Ndiyo maana mutu akifunga freni kwa nguvu katikati ya kona, gari inaenda moja kwa moja hata kama volani imegeuzwa. Michezo mizuri ya aina ya pili inaonyesha jambo hilo vizuri.

Inaonyesha pia namna uzito unahama. Ukifunga freni, uzito unakuja mbele. Ukiongeza mwendo, unarudi nyuma. Ukikata kona, unalala upande wa inje. Mutu wa chukudu wa hapa Goma anajua somo hilo bila kompyuta. Akishuka mutelemuko na mifuko ya viazi, hasubiri afike kwenye kona ndipo akanyage kipande cha pineu kinachosimamisha gurudumu la nyuma. Anaanza mapema, taratibu.

Jambo la tatu ni urefu wa kusimama. Mwendo ukiongezeka mara 2, umbali wa kusimama kwa freni unaongezeka mara 4. Kutoka kilometa 40 kwa saa hadi 80, si mara 2, ni mara 4. Na mbele ya mukanyagio wa freni kuna muda wa kuona na kuamua: kwa kilometa 50 kwa saa, gari inapita karibu metre 14 kwa sekunde moja tu.

Mambo ambayo muchezo hauna

Kwanza, mwili. Shofere wa kweli anasikia gari kwa kiti na mugongo: sehemu ya nyuma ikianza kuteleza, anaisikia mbele ya kuiona. Mwenye manete anaona tu. Kuko volani za michezo zinazosukuma mikono, na zinasaidia, lakini kiti cha nyumba hakitikisiki.

Pili, muzigo. Gari ya muchezo karibu kila mara ina shofere peke yake. Taksi ya Goma inabeba watu 2 mbele na 4 nyuma, na kamyo inayotoka Masisi inabeba mifuko na watu juu ya mifuko. Uzito ukipanda juu, gari inapinduka kwa mwendo ambao tupu ingepita bila shida.

Tatu, hali ya gari. Kwenye muchezo pineu zinaanza zikiwa mpya na freni ziko sawa. Mara mingi pia misaada imewashwa tayari, kama ABS inayozuia pineu kufunga. Hapa kwetu pineu za okaziyo ni kawaida, na magari mingi ya zamani hayana ABS. Mutu anayetaka kuona tofauti azime misaada yote kwenye muchezo: atatoka barabarani kwenye kona ya kwanza.

Nne, watu. Kiwanja cha mashindano hakina motari anayepita upande wa kuume, mama mwenye beseni kichwani ao watoto wanaotoka masomo.

Karibu na kwetu: Safari Rally

Michezo imejaribu pia barabara za Afrika Mashariki. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 2000, Colin McRae Rally 2.0 iliweka Kenya kati ya inchi za kuchezea; McRae mwenyewe alishinda Safari mara 3, mwaka 1997, 1999 na 2002. Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, na iko pia ndani ya EA Sports WRC ya mwaka 2023.

Naivasha iko karibu na volkano ya Longonot, na vumbi lake laini linafunika mashimo na mawe. Muchezo unaonyesha vumbi na kufanya gari iteleze. Lakini shofere wa kweli akigonga jiwe lililofichwa, pineu inapasuka ao mukono wa gurudumu unavunjika, na hakuna kifungo cha kuanza upya. Wakaaji wa Goma, wanaoishi juu ya mawe ya Nyiragongo, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kutoka manete hadi gari ya kweli

Mwaka 2008, Nissan na PlayStation walianzisha GT Academy, shindano la kuchagua mashofere kati ya wachezaji wa Gran Turismo. Mwingereza Jann Mardenborough alishinda mwaka 2011, na mwaka 2013 akashindana katika saa 24 za Le Mans. Kumbe muchezo unaweza kufundisha: njia ya kupita kona, wakati wa kufunga freni, kutulia.

Lakini washindi hawakutoka kwenye kiti cha nyumba na kuingia moja kwa moja kwenye mashindano. Walipewa mafunzo ya kweli na walitafuta leseni mbele ya kushindana. Hata hivyo, Machi 2015, kule Nürburgring Ujerumani, gari ya Mardenborough iliruka kutoka barabarani ikaangukia upande wa watazamaji. Mutazamaji moja alikufa. Shofere alikuwa mwenye kufundishwa vizuri, na barabara ilikuwa ya mashindano.

Cha kushika

Mutoto anayecheza anaweza kujifunza kutazama mbali, kufunga freni mbele ya kona na si ndani yake, na kugeuza volani polepole. Hayo ni mazuri. Lakini leseni inapatikana kwa masomo ya kuendesha, karibu na mutu mwenye uzoefu, kwanza mahali pasipo watu. Na muzazi mwenye gari asiache ufunguo juu ya meza: anayejiita shofere kwenye manete hajawahi kufunga freni ya kweli hata mara moja.