Cheo Hupita kwa Mama

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu: ndugu zetu waliofika Dzaleka tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1994, wengi wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, walizoea kuona cheo cha baba kikishikwa na mwanawe. Lakini Dowa hii, hata Lilongwe, ni nchi ya Wachewa, na kwao afapo jumbe mrithi ni mpwawe, mtoto wa dada yake. Wayao nao walisilimu kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19, wala desturi hiyo hawakuiacha.

Je, mwanamke amepata haki? Nusu tu, kwa maoni yangu. Tumbo lake ndilo liletalo cheo, na kitini hukaa kaka yake. Ajabu ni kwamba Theresa Kachindamoto, aliyetawazwa Dedza mwaka 2003 akavunja ndoa za watoto kwa mamia, alitoka kwa Wangoni, waliokuja na desturi ya kufuata baba! Na Unguja ilikwisha kutawaliwa na Mwana Fatuma katika karne ya 17.

Wako wamnyimao binti ujumbe kwa aya za mirathi. Mafungu ya Suratun-Nisaa ni ya mali ya maiti. Ujumbe si mali, haugawanywi. Hadithi ya uongozi ni mas'ala mengine, na wanazuoni wamehitilafiana. Tena wasomao aya hizo kwa sauti kubwa, aghalabu binti zao hawajapewa hata lile fungu lililotajwa.