Betri kubwa za umeme: nani huamua zichaji lini na ziuze kwa bei gani?

Saa saba mchana, jua likiwaka vizuri, umeme wa jumla katika jimbo la South Australia unaweza kushuka hadi chini ya sifuri. Yaani mwenye mtambo analipa ili umeme wake uchukuliwe. Saa moja jioni siku hiyo hiyo, paneli za kwenye mapaa zikiwa zimelala na watu wamerudi nyumbani, megawati-saa moja (sawa na uniti 1,000 za kwenye mita) inaweza kuuzwa mamia ya dola za Australia. Mara chache hufika maelfu.

Pengo hilo ndilo biashara ya betri kubwa. Ni kama mfanyabiashara wa mahindi anayejaza ghala wakati wa mavuno na kusubiri bei ipande, ila hapa ghala hujazwa na kumwagwa ndani ya siku moja.

Betri iliyofanya dunia igeuke kuangalia ni ya Hornsdale, iliyoanza kazi Desemba 2017. Mwaka mmoja kabla, Septemba 28, 2016, dhoruba iliangusha minara ya umeme na jimbo zima likaingia gizani. Elon Musk akaahidi kupitia Twitter kuwa kampuni yake ya Tesla ingejenga betri ndani ya siku 100, la sivyo iwe bure. Ilijengwa: megawati 100, yenye akiba ya megawati-saa 129. Ikifunguliwa yote inaisha kwa saa moja na ushee, ndiyo maana kuchagua wakati ni kila kitu.

Nani anatoa amri?

Si mwenye betri, na si serikali. Ni kompyuta ya AEMO, msimamizi wa soko la umeme la mashariki na kusini mwa Australia. Kila baada ya dakika 5 inapanga ofa zote kuanzia ya bei ya chini, inachukua za kutosha mahitaji, na ofa ya mwisho kuchukuliwa ndiyo kwa kawaida inaweka bei ya wote.

Mwenye betri anapeleka ngazi kumi za bei za kuuza na nyingine kumi za kununua. Bei zenyewe hufungwa siku moja kabla, lakini kiasi cha umeme katika kila ngazi anaweza kukihamisha hadi muda mfupi kabla ya kipindi kuanza. Kazi hiyo sasa hufanywa na programu za kompyuta, maana hakuna binadamu wa kukesha akibadilisha ofa kila dakika 5.

Bei ya betri inatoka wapi?

Mtambo wa gesi unajua gharama yake: gesi. Betri haina mafuta. Chukulia imenunua megawati-saa 100 kwa dola 20 kila moja, jumla dola 2,000. Sehemu inapotea kama joto, tuseme zinarudi 85. Ili kurudisha hela yake tu, inahitaji kama dola 23.50 kwa kila moja.

Lakini haiuzi kwa 24. Kama programu inaona jioni bei itafika 150, kuuza sasa ni hasara. Gharama halisi ya betri ni nafasi inayopotea. Ndiyo sababu inaweza kukaa imejaa huku bei si mbaya, na watu wakauliza kwa nini inabana umeme.

Hadi 2021 kanuni zenyewe ziliinyima haki. Bei ilipangwa kila dakika 5, lakini malipo yalifuata wastani wa nusu saa. Bei ikiruka hadi dola 14,000 kwa dakika 5, kisha ikarudi 50 kwa vipindi vitano vilivyobaki, wastani ni dola 2,375. Betri iliyookoa jahazi ililipwa hizo 2,375, na mitambo iliyochelewa ikakimbilia kuzalisha dakika zilizobaki ili nayo ilipwe hivyo hivyo, wakati shida imeshapita. Tangu Oktoba 1, 2021, malipo ni ya kila dakika 5, na hapo wepesi wa betri ukapata thamani yake.

Kulipwa kwa kusubiri

Miaka ya mwanzo Hornsdale haikuishi hasa kwa pengo la bei. Ilipata zaidi kwa kulinda mapigo ya gridi, ambayo lazima yabaki karibu na 50 kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla mapigo hushuka, na betri hujibu haraka kuliko mtambo wowote wa makaa ya mawe. Hapa inalipwa hata isipofanya kitu, mradi iko tayari.

Tatizo ni kujua kama kweli iko tayari. Oktoba 9, 2019, kituo cha makaa ya mawe cha Kogan Creek kule Queensland kilizimika ghafla, na Hornsdale haikutoa msaada iliokuwa inalipwa kuutoa. Uchunguzi ulionyesha kuwa kati ya Julai na Novemba mwaka huo iliuza utayari ambao haikuweza kuutimiza. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho iliitoza kampuni yake faini ya dola 900,000.

Baadaye betri zikawa nyingi, na bei ya huduma hiyo ikashuka. Wawekezaji wamerudi kwenye mahindi na ghala: kununua mchana, kuuza jioni. Nako huko kila betri mpya inayochaji mchana inapandisha kidogo bei ya mchana, na inapouza jioni inaishusha ya jioni.