Ed Bearss, mzee wa viwanja vya vita

Semista imeanza kukolea na kwenye historia tumeingia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vile vya 1861 hadi 1865. Lincoln na Lee mnawajua, sina haja ya kuwarudia. Leo nawaletea mzee mmoja ambaye hakupigana vita ile, tena alizaliwa miaka 58 baada ya kwisha, lakini amefanya kazi ya ajabu kuhakikisha mahali ilipopiganwa hapageuki maegesho ya magari. Jina lake Edwin Cole Bearss, wenyewe wanamwita Ed.

Kazaliwa 1923 Montana, mtoto wa wafugaji. Baba yake alikuwa akiwasomea nyumbani habari za majenerali wa vita ile, na mtoto zikamwingia kichwani kiasi kwamba ng'ombe wa pale kwao akawapa majina ya mapigano. Mmoja aliyempenda sana alimwita Antietam. Sasa Antietam, kwa ambao hamjafika huko, ni ile tarehe 17 Septemba 1862 ambapo kwa siku moja tu watu kama 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Ndo jina la ng'ombe hilo jamani!

Halafu vita ikamjia mwenyewe. Aliingia kikosi cha Marine mwaka 1942, akapelekwa Pasifiki, na tarehe 2 Januari 1944 kisiwani New Britain bunduki ya rashasha ya Wajapani ikampiga risasi kadhaa. Alikaa hospitalini miezi 26. Mkono wa kushoto haukurudi kuwa kama zamani hadi anakufa. Mi nadhani hapa ndo pa kumwelewa. Mtu aliyelala chini akivuja damu huku risasi zinapita juu yake anajua kwamba kamteremko kadogo ka ardhi, kasikoonekana kwenye ramani, ndiko kanakoamua nani anaishi. Watu wengi tunaoandika kuhusu vita hatujui hilo.

Akasoma Georgetown, kisha akafanya shahada ya pili Indiana, akiandika kuhusu jenerali wa Kusini aitwaye Patrick Cleburne. Katika kuhangaika na utafiti huo alikwenda Shiloh, kule Tennessee, akatembezwa uwanjani, na akaona kwamba vita aliyoisoma kwenye makaratasi na vita iliyopiganwa kwenye vichaka vile ni vitu viwili. Tangu hapo ikawa ndo njia yake. Msimwelewe vibaya, nyaraka alizisoma kuliko wengi, na kuhusu Vicksburg peke yake aliandika vitabu vitatu vizito. Ila alizisoma kisha akavaa viatu.

Mwaka 1955 aliajiriwa na Idara ya Hifadhi za Taifa, akapangiwa hukohuko Vicksburg, Mississippi. Ni mji ambao Jenerali Grant aliuzingira siku 47 mpaka ukasalimu amri tarehe 4 Julai 1863, huku wenyeji wamechimba mapango wanaishi humo kukwepa mizinga. Na hapo ndo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Kulikuwa na manowari ya Kaskazini iliyovikwa vyuma, inaitwa Cairo, yenye mizinga 13. Tarehe 12 Desemba 1862 ilikuwa mto Yazoo ikapigwa na mabomu ya kutega majini, ikazama kwa dakika kama 12. Hakufa mtu hata mmoja. Miaka ikapita, tope likaifunika, watu wakasahau iko wapi. Bearss akakusanya ripoti za zamani na ramani, na mwaka 1956 yeye na wenzake wawili wakaingia mtoni na kimashua. Kifaa chao kikubwa? Dira. Walikuwa wanaangalia ni wapi mshale wake unakataa kuelekeza kaskazini, maana chuma kingi kikiwa chini huuvuta. Ulipoyumba wakachokoa tope kwa nondo ndefu za chuma (nondo kweli, siyo zile zetu za kusomea mtihani), na ikagonga. Basi.

Kuitoa ndo ikawa kasheshe. Mwaka 1964 waliifunga nyaya nene wainyanyue nzima, nyaya zikaanza kukata mbao za chini, ikabidi waikubali itoke vipande vitatu. Ndani mlikuwa na viatu, saa, sahani na vyombo vya mabaharia, vimehifadhiwa na tope lilelile. Baada ya hapo mabaki yakakaa miaka yanaharibika, pesa hakuna, mpaka hifadhi ilipoichukua na kuirudisha Vicksburg mwaka 1977. Ipo hapo mpaka leo chini ya paa.

Mwaka 1981 akawa mwanahistoria mkuu wa Idara nzima, akashika hadi 1994. Na miaka hiyo ndo moto ulikuwa unawaka Virginia. Washington ilikuwa inapanuka, nyumba na maduka yanafuata. Mwaka 1988 mwekezaji mmoja akataka kujenga kituo kikubwa cha biashara kando ya hifadhi ya Manassas, penye ardhi ambayo Lee aliweka makao yake kwenye mapigano ya pili, Agosti 1862. Zikapigwa kelele hadi Bunge likaitwaa ardhi hiyo, ekari 542, na fidia yake ikapita dola milioni 100. Mnaweza kusema ni pesa nyingi kwa majani matupu. Hata mimi iliniumiza kichwa. Lakini duka likishajengwa halibomolewi, na mwalimu anayepeleka wanafunzi pale atawaonyesha nini, ngazi za umeme?

Baada ya kustaafu hakupumzika. Alikaa bodi ya shirika la kununua na kulinda viwanja hivyo, na akaongoza ziara mpaka ana miaka zaidi ya 90, sauti kama ngoma, vijana wanamkimbilia nyuma. Alifariki tarehe 15 Septemba 2020, ana miaka 97. Wengi mlimwona kwenye ile filamu ndefu ya Ken Burns ya 1990.

Kinachonisumbua ni kimoja. Viwanja hivyo kwa miaka mingi vilieleza nani alisimama wapi na mzinga gani, ila utumwa uliosababisha vita haukuandikwa kwenye vibao. Bunge lilikuja kuiagiza Idara irekebishe hilo karibu na mwaka 2000, Bearss ameshaondoka ofisini. Na ukipanda mto kutoka Vicksburg kuna Milliken's Bend. Tarehe 7 Juni 1863 askari weusi, wengi wao wametoka utumwani wiki chache tu na mafunzo hawajapata ya maana, walipigana pale mkono kwa mkono, wakawazuia wanajeshi wa Kusini. Uwanja ule hauwezi kununuliwa na shirika lolote. Sehemu kubwa mto Mississippi umeshaumeza.