Mshairi aliyejikashifu: Funzo la Pate kuhusu dunia ipitayo

Muhula uliopita, tulipokuwa tukikamilisha somo la ushairi wa kale, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akaniuliza: "Prof, kama dunia ni ya kupita tu, mbona huyu mshairi alijisumbua kutunga?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, nikasema tutalirejelea swali hilo wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika, maana mitihani ilituvamia. Leo nataka kulilipa deni hilo hapa ukumbini.

Shairi tulilokuwa tukilisoma ni Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Wataalamu wengi wanauweka baina ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Mada yake ni funzo kongwe la Uislamu: kwamba maisha ya dunia hayadumu, na anayeyategemea amejitegesha kwenye ukuta unaobomoka.

Tuanze na neno lenyewe. Dunia tumelichukua kutoka Kiarabu, na asili yake inahusu ukaribu, na pia kuwa chini. Dunia basi ni maisha yaliyo karibu nasi, haya tunayoyashika kwa mkono. Mwenzake ni akhera, maisha yajayo baadaye. Kumbe ndani ya neno tunalolitamka kila siku tayari mna onyo: kilicho karibu na jicho huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Waswahili wakalipokea neno hilo na onyo lake, ndipo wakasema dunia mti mkavu, kiumbe usiuelemee.

Kurani inalieleza jambo hili kwa mfano ambao mkulima yeyote ataufahamu. Katika Sura ya Al-Hadid, aya ya 20, maisha ya dunia yanafananishwa na mvua inayootesha mimea hata wakulima wakafurahi. Kisha mimea ile hukauka, ikageuka manjano, ikawa makapi. Nayo hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Umar inamtaka mja aishi duniani kama mgeni au mpita njia. Lakini tusisome nusu ya somo. Kurani hiyohiyo, katika Sura ya Al-Baqara, inawataja kwa sifa njema wanaomwomba Mungu mema ya dunia na mema ya akhera kwa pamoja. Mpita njia hakatazwi kula wala kupanda mti. Anaonywa tu asisahau kwamba yumo safarini.

Sasa twende Pate. Leo wengi wetu tukiutaja mji huu tunafikiria kijiji kidogo katika kisiwa cha Kaunti ya Lamu, kufika kwake ni kwa kungojea maji yajae. Wakati wa Wanabahani, Pate ilikuwa dola. Ilifanya biashara na Uarabuni na India, na vitambaa vya hariri vilivyofumwa huko vilisifika pwani nzima. Matajiri walijenga nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikishikiliwa na boriti, kuta zikichongwa vidaka vya kuwekea vyombo vya kaure kutoka Uchina. Fasihi nayo ilistawi. Mnamo 1728, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka katika mji huohuo, nao ni miongoni mwa tungo kongwe zaidi za Kiswahili tulizo nazo.

Kilichofuata ni kisa kirefu cha ugomvi wa kugombania kiti na uhasama na majirani. Takriban mwaka wa 1812, jeshi la Pate na washirika wake Wamazrui wa Mombasa lilishuka Shela kuishambulia Lamu, likashindwa vibaya. Watu wa Lamu wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na tangu hapo nguvu za pwani zikaelekea Lamu, kisha Zanzibar. Katikati ya karne ya 19, Wanabahani waliondoka kisiwani na kuhamia Witu, barani. Hata huko hawakudumu: mwaka wa 1890 jeshi la Waingereza liliuteketeza mji wa Witu.

Mwanahistoria atakupa sababu za anguko hilo moja baada ya nyingine: biashara, vita, fitina za ikulu. Sayyid Abdallah alikuwa mtu wa ukoo wa masharifu, mjuzi wa dini na mwenyeji wa mji, na bila shaka baadhi ya sababu hizo alizijua kutushinda sisi. Hata hivyo, utungo wake haukuwa wa kuwashtaki watu wa Lamu, Wamazrui wala Waomani. Aliwakumbuka matajiri waliotembea kwa maringo, akatuingiza katika nyumba zao zilizokuwa magofu, vidaka vikiwa makao ya ndege na popo. Kisha akaugeukia moyo wake mwenyewe na kuuhoji. Umeyaona haya yote, mbona bado hujazinduka?

Hapa ndipo jina la shairi linapotufaa. Inkishafi linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunua. Kutokana na mzizi huohuo tumepata kashifu na kashfa. Tazama tulivyoyatumia maneno haya. Siku hizi kashfa ni ya wizi wa fedha za umma, na kukashifu ni kumfunua mwenzako ili aaibike. Kufunua kumekuwa daima kwa kumfunua mwingine. Sayyid Abdallah alifanya kinyume. Alijikashifu mwenyewe, mbele ya kila atakayesoma.

Tofauti hiyo si ndogo. Nimehudhuria maziko mengi katika umri wangu huu, ya Waislamu na ya Wakristo, na karibu kila mara atasimama mzungumzaji atukumbushe kwamba dunia tunapita. Maneno ni ya kweli kabisa. Lakini sikiliza vizuri utagundua yanaelekezwa kwa jirani mchoyo, kwa ndugu aliyeng'ang'ania shamba, kwa mpinzani wa siasa aliyeketi mstari wa mbele. Funzo lililokusudiwa kuulainisha moyo wa msemaji tumeligeuza fimbo ya kumchapia msikilizaji.

Je, funzo hili huzaa uvivu na kukata tamaa, kama alivyoshuku mwanafunzi wangu? Jibu limo ardhini, katika kisiwa kilekile cha Pate. Huko Shanga, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba katika miaka ya 1980, wakakuta msikiti uliojengwa kwa miti katika karne ya 8, kisha ukajengwa tena na tena palepale hadi ukawa wa mawe. Mji huo ulihamwa katika karne ya 15. Watu wa Shanga bila shaka waliisikia habari ya mvua na makapi, na bado kila kizazi kilijenga upya kilichochakaa.

Utungo wenyewe umetufikia kwa njia hiyohiyo. Karatasi huliwa na mchwa na unyevu wa pwani. Al-Inkishafi ilinusurika kwa sababu wapo waliokubali kuinakili kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, kizazi baada ya kizazi. Mmoja wa wanakili mashuhuri wa Lamu, Muhamadi Kijumwa, aliwanakilia wataalamu wa kigeni tungo nyingi za kale. W. E. Taylor aliuhariri utungo huu ukachapishwa mwaka wa 1915, William Hichens akautoa tena London mwaka wa 1939, naye James de Vere Allen akautolea toleo jingine mwaka wa 1977. Nyumba za Pate zilikuwa na mawe, nazo zimeporomoka. Shairi lilikuwa na karatasi tu, na watu wa kuitunza.

Nilipanga kumalizia kwa kuzilaumu familia zinazoacha miswada ya mababu iozee masandukuni. Kalamu ikasita. Nyumbani kwangu, juu ya kabati, mna katoni ya kanda za kaseti nilizorekodi Lamu mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa kijana wa utafiti. Ni sauti za wazee wakighani tenzi, na wote sasa wametangulia mbele ya haki. Juzi niliifungua katoni ile. Kanda kadhaa zimeota ukungu. Kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa nikiwahubiria wanafunzi kuhusu kuhifadhi turathi, huku turathi ikioza juu ya kichwa changu.

Basi mwanafunzi wangu, jibu lako ndilo hili. Sayyid Abdallah alitunga kwa sababu alijua hatakuwepo. Nami wiki hii nitampelekea fundi kanda zile, tuone zilizosalia zinasema nini.