Kiti cha Kocha wa Taifa Stars na Adhabu Zake

Kocha mkuu wa Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ana mabwana wawili. Wa kwanza ni Shirikisho la Soka Tanzania (TFF), linalomwajiri na kumwachisha kazi. Wa pili ni mashabiki, wengi wao wa klabu za Simba na Yanga, ambao humpima kocha kwa majina anayoyaita kikosini kabla hata mpira haujachezwa.

Kipimo cha awali kiliwekwa Agosti 1979. Bao la Peter Tino mjini Ndola liliipa Tanzania sare ya 1-1 na Zambia, na Taifa Stars ya kocha Joel Bendera ikafuzu fainali za Afrika (AFCON) za 1980 nchini Nigeria. Ilipita miaka 39 kabla ya timu kurudi kwenye fainali hizo, na kila kocha wa kipindi hicho alilinganishwa na kikosi kile.

Mbrazili Marcio Maximo, aliyefundisha kuanzia 2006 hadi 2010, aliwarudisha watu uwanjani na kuipeleka timu nchini Ivory Coast kwenye CHAN ya 2009, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Hata hivyo, kumwacha kipa Juma Kaseja kulimletea lawama zilizomfuata hadi alipoondoka. Emmanuel Amunike wa Nigeria alikumbana na hali kama hiyo mwaka 2018, alipowaengua wachezaji kadhaa wa Simba waliochelewa kuripoti kambini. Ushindi wa 3-0 dhidi ya Uganda, Machi 24, 2019, ulimpa tiketi ya AFCON. Huko Misri alifungwa na Senegal, Kenya na Algeria, na Julai mwaka huohuo TFF ikaachana naye.

Adhabu nzito zaidi, hata hivyo, ilitokana na maneno. Adel Amrouche, Mbelgiji mzaliwa wa Algeria, alipewa timu Machi 2023 akiwa na historia ndefu Afrika Mashariki. Aliifundisha Burundi, kisha akaipa Kenya Kombe la CECAFA la 2013. Mwaka uliofuata Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilimfungia mwaka mmoja kwa tuhuma za kumtemea mate ofisa wa mchezo dhidi ya Comoro, na Kenya ikamtimua. Kufukuzwa huko kulizaa deni la takriban shilingi milioni 109 za Kenya, na mwaka 2020 FIFA ilitishia kuiondoa timu ya Kenya, Harambee Stars, kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia lisipolipwa.

Tanzania ilifuzu AFCON chini yake, kwa sare tasa na Algeria mjini Annaba, Septemba 2023. Kabla ya mchezo wa kwanza nchini Ivory Coast, Amrouche alidai kwamba Morocco ina ushawishi ndani ya CAF, hata katika kupanga waamuzi na saa za mechi. Morocco ikashinda 3-0 Januari 17, 2024. Siku mbili baadaye CAF ilimfungia mechi 8 na kumtoza faini ya dola 10,000, na TFF nayo ikamsimamisha.

TFF ilikuwa na sababu. Miezi michache kabla, Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa zimepewa uenyeji wa AFCON 2027, na ugomvi na CAF haungekuwa na faida. Lakini gharama ilibebwa na wachezaji, waliobadilishiwa benchi la ufundi katikati ya mashindano. Kaimu kocha Hemed Suleiman "Morocco", akisaidiwa na Juma Mgunda, alipata sare ya 1-1 na Zambia iliyokuwa pungufu, bao la Simon Msuva likisawazishwa na Patson Daka dakika za mwisho, kisha 0-0 na DR Congo. Pointi hizo 2 hazikutosha kuvuka kundi, ingawa Tanzania haikuwahi kupata nyingi kuliko hizo kwenye fainali.

Kaimu huyo alistahili kiti alichopewa kwa dharura. Novemba 19, 2024 aliifunga Guinea 1-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa na kufuzu AFCON 2025, na Agosti 2025 akaifikisha Tanzania robo fainali ya CHAN. Novemba 2025, kabla ya AFCON hiyo kuanza, TFF iliachana naye na kumkabidhi timu Miguel Gamondi wa Argentina.