Lushebere: Mvua ya mwezi wa tisa ikirudi, bustani na kidimbwi vinahitaji nini?

Huko Lushebere, karibu na Masisi-centre katika jimbo la Kivu Kaskazini, mwaka wa mkulima unafunguliwa na mvua. Kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane kikiisha, mvua inarudi katikati ya mwezi wa tisa, na msimu A unaanza. Hapo kazi za nyumbani zinakuja zote mara moja: bustani, migomba, kidimbwi cha samaki.

Kwa jamaa nyingi, hiyo ni miezi migumu. Chakula kilichovunwa mwisho wa msimu B kinapunguka, sehemu yake inawekwa juu ya mbegu, na maharagi mapya yatakomaa tu mwisho wa mwaka. Kwa wenye walikimbia vita na kurudi mikono mitupu, pengo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza si kitu gani kinaleta feza nyingi. Ni kitu gani kitafika ndani ya sufuria mbele ya vingine.

Mboga za haraka zitangulie

Lengalenga ndiyo inafika mbele. Ikipandwa mvua za kwanza, inaanza kuliwa kisha wiki 3 au 4. Ikikatwa juu bila kung'olewa, inachipuka tena na jamaa inaendelea kula. Ndiyo maana wamama wengi wanaipanda karibu na nyumba, pahali majivu na takataka za jikoni zinatupwa.

Shu inaomba uvumilivu: wiki 4 au 5 katika pepinyeri, kisha miezi miwili au mitatu katika bustani. Pepinyeri inafunikwa na kivuli cha majani juu ya vijiti, sababu matone makubwa ya mvua yanavunja miche midogo.

Masisi ni milima. Matuta yenye yanashuka na mlima yanapeleka udongo mzuri bondeni mvua moja tu ikinyesha. Yanapashwa kulazwa kwa kukinga mteremko, na mfereji mdogo juu yake wa kugeuza maji.

Mwenye ana shamba dogo anapata faida na maharagi ya kupanda juu ya miti. Yanachelewa kuliko yale mafupi, lakini kipande kilekile cha udongo kinatoa zaidi. Miti ya kushikilia, yenye urefu wa mita 2 hivi, au matete magumu, inatayarishwa mapema. Mmea ukishalala chini, unaoza.

Migomba na panga safi

Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, wenye wataalamu wanaita BXW, ulitambuliwa Kongo kwa mara ya kwanza mwaka wa 2001, tena humu humu Masisi. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ndani yake zinakuwa na rangi ya kahawia. Hakuna dawa ya kuuponya.

Wadudu wanaubeba kutoka ua moja hadi lingine, na panga inaubeba kutoka shina moja hadi lingine. Kwa hiyo ua la chini linavunjwa na kijiti chenye panda, bila panga, wakati ndizi za mwisho zimeshatoka. Shina lenye ugonjwa linakatwa chini kabisa. Kisha panga inapitishwa ndani ya moto au kuoshwa na Jik mbele ya kugusa shina lingine. Vijana wanaofanya kibarua cha kusafisha migomba ya watu wanapashwa kuangalia hiyo zaidi ya wote.

Kidimbwi

Ufugaji wa tilapia ulienea Kongo tangu miaka ya 1940 na 1950, wakati wa Wabelgiji. Kwenye milima ya baridi kama Masisi, tilapia inakua polepole, sababu inapenda maji ya joto kupita digri 25. Samaki yenye inaingizwa sasa haitakula njaa ya mwaka huu. Ni akiba ya mwaka ujao.

Mwisho wa kiangazi ni wakati wa kumwaga maji, kuacha chini pakauke mpaka pakatike nyufa, na kurekebisha kingo. Matope meusi yenye yanatoka yanapelekwa bustanini kama mbolea. Chokaa ya kilimo inatawanywa, kilo 10 hadi 20 kwa ari moja, ni kusema mita 10 kwa 10. Mtu mwenye hana chokaa anatumia majivu.

Kisha kidimbwi kinajazwa. Katika kona moja inajengwa zizi ndogo ya vijiti, ya kuwekea majani na mavi ya mbuzi, sungura ao dende. Maji yakigeuka kijani, chakula cha samaki kimeanza kuota. Hapo ndipo vitoto vya samaki vinaingizwa, 2 kwa kila mita ya mraba.

Mvua kubwa ndiyo adui. Mfereji unachimbwa upande wa juu ili maji ya mlima yasiingie na kubomoa ukingo, na wavu unafungwa kwenye mlango wa maji. Asubuhi samaki zikionekana zinapumua juu ya maji, hewa imepunguka: mavi yanasimamishwa na maji mapya yanaingizwa. Majani ya pembeni yanafyekwa sababu mbu zinajificha humo, na uzio ni wa lazima pahali watoto wanacheza.

Kazi kwa mupangilio

- Mwezi wa nane: kukausha na kutengeneza kidimbwi, kukata miti ya maharagi, kutayarisha pepinyeri.
- Mwezi wa tisa: lengalenga kwanza, kisha maharagi, kujaza kidimbwi.
- Mwezi wa kumi: kuhamisha shu, kupalilia, kuingiza samaki.
- Mwezi wa kumi na moja: kuangalia migomba, mifereji na kingo kila kisha mvua kubwa.

Mwezi wa kwanza na wa pili, mvua ikipunguka, maji ya kidimbwi yatanywesha bustani, na majani ya viazi vitamu na makombo ya mboga yatalisha samaki. Nyumba yenye vyote viwili haikai bila kitu cha kuweka jikoni, hata kama msimu umeenda vibaya.